Fundi Kapimwa

Miaka kumi na tisa nimepima watu
kwa futi ya kitambaa iliyofutika namba:
mabega, kiuno, urefu wa mkono,
hapa sokoni Mwanga, mlango wa pili
kutoka kwa wauza mawese.
Hakuna aliyewahi kunipima mimi.

Mwaka ule bwana afya Ruhuzo alikuja
na karatasi moja, na kipaza sauti kinachokoroma.
Fundi, akasema, barakoa mia tatu.
Safu mbili za pamba, na ya tatu ndani.
Nikamuuliza, uso una saizi gani?
Akacheka, akakumbuka tusichekeane karibu,
akarudi nyuma hatua mbili, akakanyaga ndoo ya kunawia.

Nikakata kanga zilizokosa mnunuzi,
zile zilizochapwa kombo.
Maneno yalikatika popote mkasi ulipopita.
Ndiyo maana mama Minani alitembea wiki nzima
mdomoni ameandikwa USINI,
na mwanawe, mbeba mizigo wa stesheni,
SEME.

Kila aliyechukua nilimwambia:
Ivae na pua. Pua si ya jirani, ni yako.
Ukiiacha nje umefunga mlango
ukamwachia mwizi dirisha.
Usiishushe kidevuni ikawa ndevu za beberu.
Shika kamba zake, usishike uso wake.
Ifue kwa sabuni, ianike kwenye jua kali,
lakini si juu ya dagaa.
Usimwazime mtu, hata mume.
Na ukianza kukohoa, nenda ukapimwe,
usinywe mchaichai ukanyamaza.

Kupimwa! Hapo ndipo soko lilipogoma.
Akina mama wa Kibirizi walisema kijiti kile
kinafika ubongoni, kinachota kumbukumbu.
Butoyi akaapa atakayepimwa
hamuuzii tena nyanya.
Ruhuzo alipaza sauti mpaka betri ikafa,
watu wakawa wanamtazama
kama redio iliyopoteza stesheni.

Basi nikasimama mimi. Si ushujaa.
Nilikuwa na siku mbili sisikii harufu ya mawese,
na mawese yako hatua sita kutoka cherehani yangu.

Kiti cha plastiki. Kichwa nyuma.
Kijiti kikaingia, machozi yakatoka bila msiba.
Nikahesabu kama ninavyohesabu mishono ya mwanzo,
ile ya kwenda na kurudi ili uzi usifumuke.
Kumi. Kwisha.
Nikataja jina la baba yangu kwa sauti,
na la babu, na deni la Butoyi la sketi mbili,
ili wa Kibirizi wasikie kuwa hakijachota kitu.

Jibu lilisafirishwa mbali kutafutwa,
likarudi siku ya nne.
Ninao.

Wakanifungia ndani, cherehani nimeifunika shuka.
Barakoa zikaanza kurudi kizingitini,
zinasukumwa kwa fimbo
kama mtu anavyosogeza nyoka aliyekufa.
Nilizihesabu dirishani: ishirini na saba.
Nilizishona kabla ya ugonjwa au baada? Sijui.
Sitasema uongo.
Zichemsheni, nikapiga kelele, zitafaa.
Aliyekuwa na fimbo alikuwa amekwishakimbia.

Siku ya tisa, alfajiri, akaja mama Minani.
Akaweka ngazini bakuli la mgebuka na ugali wa muhogo,
akarudi nyuma mpaka mtaroni,
akapiga magoti, akapiga makofi polepole
kama walivyosalimiana bibi zetu,
ambao hawakuletewa karatasi yoyote
iwafundishe kuheshimiana bila kugusana.
Mwidiwe, akasema.
Nami ndani, nyuma ya mlango, nikapiga yangu.

USINI ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi,
pua imo ndani yote.
Akasema anakwenda kupimwa, yeye na SEME,
na kwamba foleni imefika kwa wauza mawese,
na Butoyi yumo, amejificha na mtandio.

Harufu ya mgebuka sikuisikia.
Nikala hivyo hivyo, kwa kukumbuka.